Shajara ya mradi: Ryzen 5 5600 juu ya bodi ya B450, kikomo shilingi 1,200,000

Hali ya kuanzia

Mashine ina madabodi ya MSI B450 Tomahawk MAX, prosesa ya Ryzen 5 2600, stiki moja ya RAM ya GB 8 (DDR4-2666 CL19), kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4, SSD ya SATA, na pawa saplai isiyojulikana imetoka wapi, ubavuni imeandikwa 500W. Skrini ni ya 1080p. Kazi yake ni michezo na kuhariri video fupi. Lengo la mradi ni kubadilisha vifaa kisha kuovakloki, yaani kuendesha prosesa na RAM kwa kasi kuliko ya kiwandani. Mahali ni Dar es Salaam, chumba hakina AC, na mchana joto la chumba ni nyuzi 31. Namba hiyo ya mwisho imeamua mengi kuliko jina la prosesa yoyote.

Vipimo vya kuanzia, ili baadaye tusidanganyane: Cinebench R23 (jaribio la nguvu ya prosesa) viini vyote 7,300, ucheleweshaji wa RAM kwenye AIDA64 (programu ya vipimo) nanosekunde 93.

Dari za matumizi, yaani kikomo cha kila kifaa na si bei ya duka: prosesa 330,000, kadi ya grafiki 470,000, pawa saplai 180,000, RAM 150,000, kipoza 70,000. Kifaa kikipita dari yake, hakuna kuchota kwenye fungu la pawa saplai. Sheria hiyo imeandikwa mapema kwa sababu fungu hilo ndilo huchotwa kwanza kila mara.

Wiki ya 1: kipi kinabaki

Bodi inabaki. Kwenye soketi ya AM4, ambayo bodi hii inaitumia, chipset (chipu kuu za bodi) za B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu kuovakloki prosesa. A320 na A520 haziruhusu. Anayeanza na A320 asinunue kipoza kikubwa kwa ndoto za kloki: atafute bodi kwanza au aridhike na kloki ya kiwandani.

Neno MAX kwenye jina la bodi hii lina maana. Tomahawk ya kwanza ilikuwa na chipu ya BIOS (programu inayoiwasha mashine) ya MB 16. Ya MAX ina MB 32, hivyo inabeba orodha ya prosesa za zamani na mpya bila kukatakata menyu. VRM yake, ile sehemu inayoshusha volti 12 kuwa volti 1 na pointi, ina hitisinki nzito na inaihimili prosesa ya viini 6 bila jasho. Kwenye bodi ndogo za bei ya chini hitisinki hiyo huwa kipande chembamba cha alumini au haipo kabisa, na matokeo yake hujulikana: baada ya dakika 10 za kazi nzito kloki inashuka ghafla huku joto la prosesa likisoma vizuri tu. Fundi asiyejua hubadilisha pesti mara tatu. Tatizo liko sentimita 4 pembeni.

Njia ya Intel ilipigiwa hesabu ikaachwa. Core i5-12400F ni prosesa nzuri, lakini kizidishi chake (namba inayoamua kloki) kimefungwa na inadai bodi mpya. Ukiiweka kwenye B660 unaweza kupandisha RAM, ila volti ya kidhibiti cha kumbukumbu imefungwa kwa prosesa zisizo na herufi K kwenye jina, kwa hiyo DDR4 hugoma mapema. Bodi mpya peke yake ingemeza fungu la RAM na pawa saplai kwa pamoja.

Wiki ya 1, mwishoni: prosesa

Majina matatu mezani: Ryzen 5 5500, 5600G na 5600. Zote zina viini 6 na thredi 12, na wauzaji huzitaja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Si kweli. Kashe ya L3, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, kwa 5600 ni MB 32. Ya 5500 na 5600G ni MB 16. Kwenye michezo kashe hiyo inaonekana, hasa kwenye fremu za chini kabisa, zile zinazofanya picha ikwame kidogo mtu anapogeuka haraka. 5600G inafaa kwa asiye na kadi ya grafiki. Aliye na kadi analipia grafiki ya ndani ambayo haitawaka.

Prosesa za X3D, zenye kashe ya ziada, hazikuingia hesabuni. Bei yake inapita dari, na kizidishi chake kimefungwa, hivyo mradi wa kuovakloki ungeishia hapo hapo.

Imechaguliwa 5600 ya mtumba. Kabla ya kulipa: ishike kwa kingo, igeuze, uiangalie kwa mwanga wa pembeni safu moja baada ya nyingine. Pini ni 1,331. Pini iliyoinama kidogo hunyooka kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, ile ya risasi, ikiwa tupu. Iliyokatika haina dawa rahisi, na kama ni ya chaneli ya RAM utaona GB 8 tu badala ya 16 hata ubadilishe stiki mara ngapi.

Wiki ya 2: pawa saplai

Hapa ndipo kipande kirefu zaidi cha shajara hii, kwa sababu hapa ndipo rahisi inapogeuka ghali.

Hesabu ya mzigo ni fupi. Prosesa baada ya kupandishwa: wati 95. Kadi: wati 132. Bodi, RAM, SSD na feni: wati 50 kwa ukarimu. Jumla 277. Kwa nini basi tusibaki na ile ya 500W iliyopo?

Soma lebo, usisome ubavu. Kinacholisha prosesa na kadi ni laini ya volti 12, na uwezo wake ni ampea mara 12. Lebo ya pawa saplai hii inasema +12V 16A, maana yake ni wati 192. Zilizobaki hadi 500 zimerundikwa kwenye volti 3.3 na 5, ambako kompyuta ya leo huchota kidogo tu, au hazipo kabisa. Lebo nyingine huonyesha 12V1 na 12V2. Usizijumlishe, tafuta mstari wa jumla ya volti 12 kwa pamoja. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 hadi 550 itaandika ampea 38 kwenda juu kwenye volti 12.

Dalili nyingine kabla ya kufika nyumbani: uzito wake ni kama boksi la viatu vitupu, nyaya nyembamba zisizo na maandishi 18AWG, swichi nyekundu ya 115/230 nyuma. Swichi hiyo pekee si ushahidi wa ufeki, ila huonyesha muundo wa zamani usio na PFC hai (saketi inayorekebisha jinsi umeme unavyochotwa). Kwetu umeme ni volti 230, na mtu akiisukuma kwenda 115 kwa bahati mbaya, kishindo kitasikika.

Nini huharibika kwa pawa saplai dhaifu kwenye mashine iliyoovaklokiwa? Volti 12 huyumba pale kadi inaporuka kutoka wati 20 hadi 130 ndani ya muda mfupi sana. Mashine hujizima au kujiwasha upya bila skrini ya bluu. Mtu huanza kulaumu RAM, anashusha kloki, anapandisha volti, anapoteza wiki mbili. Ndiyo maana inabadilishwa kabla ya chochote kingine.

Iliyonunuliwa ni mpya, 550W yenye 80 PLUS Bronze, kebo moja ya pini 8 ya prosesa na mbili za kadi. Mtumba haukufikiriwa. Kapasita huchoka kwa joto, na huwezi kuuona umri wake dukani.

Kwa wenye kasha za ofisini za Dell OptiPlex 9020 na jamii yake wanaofikiria njia hii: kebo kuu ya pawa saplai yake ni ya pini 8, si 24. Pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta. Na bodi yenyewe haiovakloki.

Upande wa UPS, tazama wati na si VA. Ya 650VA kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390, zinatosha kuzima mashine kwa utaratibu. Umuhimu wake wa kwanza utaonekana wiki ya 3, siku ya BIOS.

Wiki ya 2: RAM

Stiki moja inaacha chaneli moja wazi, na kwa Ryzen hilo ni kama kuendesha na breki ya mkono. Zinahitajika mbili zinazofanana, kutoka pakiti moja. Kununua ya pili ifanane na ile ya zamani ni bahati nasibu, kwa kuwa kampuni hubadilisha chipu ndani bila kubadilisha jina la nje.

Kasi inayolengwa ni 3600, kwa sababu FCLK ya 5600, kloki inayounganisha prosesa na kidhibiti cha RAM, hukubali 1800 karibu kila mara, na 1800 mara mbili ndiyo 3600. Zikienda sambamba, moja kwa moja, ucheleweshaji ni mdogo. Ukinunua 4000 ili kujionyesha, kidhibiti kitaenda nusu na utapata mashine ya polepole kwa bei ya juu.

CL, idadi ya mizunguko ya kloki ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, peke yake haisemi kitu. Zidisha CL kwa 2000 kisha gawa kwa kasi: 2666 CL19 ni nanosekunde 14.25, 3200 CL16 ni 10, 3600 CL18 pia ni 10, 3600 CL16 ni 8.9. Kwa hiyo pakiti ya 3200 CL16 na ya 3600 CL18 huwa na chipu za ubora unaokaribiana, na inayopatikana kwa bei ndogo ndiyo ya kuchukua.

Imepatikana ya mtumba, GB 8 mara mbili, 3600 CL18, volti 1.35, chipu Micron Rev. E. Chipu hizi hushusha CL vizuri ukiongeza volti kidogo, lakini tRCD yake (muda mwingine wa kusubiri wa RAM) ni ngumu kama jiwe: kwa 3600 hukaa 19 au 20 na volti haisaidii. Usipoteze usiku kujaribu 16.

Wiki ya 3: kadi na kipoza

RX 6500 XT iliondolewa kwa mstari mmoja: inatumia njia 4 tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na bodi, na B450 ni PCIe 3.0, hivyo GB 4 zake zikijaa picha inakwama. Haina hata kisimbaji cha video. RX 580 ya GB 8 ni ya bei nafuu lakini inachota wati 185, na sokoni zimejaa za 2048SP, yaani zenye vitengo 2048 vya kuchakata picha, ambazo kwa ukweli ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kakaye. RX 580 kamili ina 2304.

Imechaguliwa RX 6600, GB 8, wati 132, plagi moja ya pini 8. Hutumia njia 8 na kwenye PCIe 3.0 hupoteza kidogo sana. Mtumba umekubalika kwa masharti: GPU-Z, programu ya kutambua kadi, ifunguliwe mbele ya muuzaji (kwa kadi za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa BIOS, programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina), FurMark (jaribio zito la kadi) dakika 15, feni zote zizunguke bila kukwaruza, na tofauti kati ya joto la GPU na joto la doa kali kabisa isizidi nyuzi 20. Ikizidi, pesti imekauka; kadi ni nzima ila bei ishuke.

Kipoza cha Wraith Stealth kinachokuja na 5600 kingetosha Ulaya. Kwenye chumba cha nyuzi 31 kilisoma 84 kwa kloki ya kiwandani, na kikomo cha prosesa hii ni 90. Kimewekwa cha mnara mmoja, feni ya milimita 120, mabomba 4. Chenye minara miwili kingeshusha nyuzi chache zaidi kwa mzigo huu, si zaidi, kwa sababu joto la 5600 limebanwa kwenye kipande kidogo cha silikoni na shida ni kulitoa pale.

Kasha lina kioo mbele. Kioo kimeondolewa, kimewekwa chandarua cha kukamata vumbi. Nyuzi 6 zimeshuka kwenye kadi, bure.

Wiki ya 3: BIOS, kisha kufunga

Mpangilio huu haubadilishwi: BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, mashine ikiwa kwenye UPS. Flashi iwe FAT32, sasisha kupitia M-FLASH, menyu iliyo ndani ya BIOS ya MSI. Chagua toleo lenye AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) 1.2.0.7 au la juu yake, lililotatua mkwamo wa fTPM (hazina ya funguo za usalama) kwenye Windows. Ukikosea mpangilio na prosesa mpya iko tayari kwenye soketi, bodi hii ina kitufe cha Flash BIOS nyuma: badilisha jina la faili liwe MSI.ROM, chomeka kwenye tundu lililoandikwa kwa ajili hiyo, unganisha kebo ya pini 24 na ya prosesa, bonyeza, subiri taa iache kumweka. Usiguse kitu.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, toa ufunguo wake wa dharura kabla ya kubadili prosesa. fTPM iko ndani ya prosesa. Prosesa ikiondoka, ufunguo umeondoka nayo.

Kung'oa kipoza cha zamani: endesha Cinebench dakika 5 ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta wima, prosesa inang'oka nacho ikiwa bado imefungwa kwenye soketi, na pini zinakuja zimelala.

RAM zimeingia sloti ya 2 na ya 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa. CSM (hali ya BIOS ya kuwasha kwa njia ya zamani) imezimwa, "Above 4G Decoding" na "Re-Size BAR" zimewashwa ili prosesa iifikie kumbukumbu yote ya kadi. Windows ilikuwa imewekwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, hivyo ilibidi mbr2gpt iendeshwe kabla: /validate kwanza, ikipita ndipo /convert. Kuzima CSM kabla ya hapo huleta mashine isiyoona diski, na simu nyingi za saa nne usiku zimetokana na hilo.

Kwa kloki ya kiwandani: R23 10,700, joto 69.

Wiki ya 4: kloki ya RAM

Majaribio ya RAM yanafanywa kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi mpaka mipangilio ikaribie kutulia, ndipo Windows ifunguliwe. RAM yenye makosa huandika makosa hayo hayo kwenye SSD, na Windows iliyooza hivyo haiponi hata ukirudisha kloki.

A-XMP (mipangilio ya kasi iliyoandikwa kiwandani ndani ya RAM) iliwaka mara ya kwanza: 3600, 18-22-22-42, ucheleweshaji 69. Kisha hatua moja moja: volti 1.40, tCL 16, tRCD 19, tRP 19, tRAS 36, tRC 58. CL15 haikukubaliwa, na si kosa la chipu: "Gear Down Mode" ikiwa imewashwa, CL ya namba witiri hupandishwa hadi shufwa inayofuata. tRFC, muda wa RAM kujihuisha, kwa Rev. E inataka takriban nanosekunde 300. Zidisha kwa 1.8 (kloki ya RAM kwa GHz), unapata 540. Imewekwa 560 kwa sababu ya joto.

Mashine ilipogoma kuwaka kabisa kwa tRCD 17, taa ya DRAM ilibaki inawaka kwenye bodi. Dawa: chomoa umeme, gusanisha pini mbili za JBAT1 kwa bisibisi sekunde 10, anza upya.

3800 na FCLK 1900 ilijaribiwa siku mbili. Iliwaka, ikapita MemTest86, ikapita TestMem5 (jaribio la RAM ndani ya Windows) yenye faili la mipangilio la anta777. Lakini kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kulikuwa na safu ya WHEA-Logger namba 19 (makosa ya vifaa), na sauti ya spika ilikuwa inakatika kama redio ya mbali. Hilo ni FCLK, si RAM, na volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kutoka 1.08 hadi 1.15 haikubadilisha kitu. Imerudishwa 3600, SoC 1.08.

Kosa moja lilijificha. TestMem5 ilipita usiku, ikafeli saa nane mchana mchezo ukiwa umetoka kuchezwa. Kadi ilikuwa inapuliza hewa ya moto kwenye stiki zikafika nyuzi 53. Jaribio sahihi kwa chumba kama hiki ni TestMem5 na FurMark kwa wakati mmoja, mchana. tRFC kutoka 540 kwenda 560 ndiyo iliyoponya.

Ucheleweshaji wa mwisho: 63.

Wiki ya 5: prosesa

Kloki moja iliyogandishwa kwa viini vyote imeachwa. Prosesa hizi hupanda zenyewe kiini kimoja kinapohitajika, na ukizigandisha GHz 4.5 unapoteza upande huo huku ukilisha volti muda wote. Kinachotumika ni "Precision Boost Overdrive": PPT (kikomo cha wati) 95, TDC na EDC (vikomo vya ampea) 65 na 100, nyongeza ya MHz 200. PPT ya kiwandani ni 76. Zaidi ya 95, kwa kipoza hiki, ni joto tu.

Kisha Curve Optimizer, inayopunguza volti ya viini, hasi, kila kiini peke yake. Hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5. Wengi huandika hasi 30 kwa vyote, wanaendesha Cinebench, inapita, wanashangilia. Siku ya pili mashine inajiwasha upya mtu akiwa anasoma barua pepe. Sababu ni kwamba mzigo mzito hushusha kloki, na volti inatosha. Ni mzigo mwepesi wa kiini kimoja unaoipeleka 4.65 huku volti ikiwa imekatwa. Cinebench haiwezi kulionyesha hilo. CoreCycler inaweza, kwa kuwa inapitisha kazi kiini kwa kiini.

Kuanza: hasi 20 kwa vyote. Ilijiwasha upya mara mbili ikiwa imetulia. Event Viewer: WHEA-Logger namba 18, APIC ID 5 (namba ya thredi). Thredi mbili kwa kiini, hivyo 4 na 5 ni kiini namba 2, ambacho kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vihisi, ndicho chenye daraja la juu kabisa. Ndivyo ilivyo mara nyingi: kiini bora kiwandani kimeshapewa volti ndogo, hakina akiba ya kukatwa. Kimewekwa hasi 8, jirani yake wa daraja la pili hasi 12, vingine hasi 20. CoreCycler saa 12, safi.

R23 11,450, joto 77 chumba kikiwa 31.

Wiki ya 6

Kadi haikupandishwa. Kwenye Adrenalin, programu ya AMD ya kadi, volti imeshushwa hadi kwenye alama ya 1080 (namba hiyo husogeza mkunjo, si volti halisi), kloki ikabaki kama ilivyokuwa, na feni zikapungua kelele. Alama ya 1050 ilifunga draiva ndani ya mchezo baada ya dakika 40.

Mipangilio imehifadhiwa kwenye profaili ya BIOS na pia kupigwa picha kwa simu, kwa sababu sasisho la BIOS hufuta profaili zote.

Yanayosubiri: pedi za joto za kadi, unene bado haujapimwa, na jaribio la TestMem5 lirudiwe Februari, joto likiwa limepanda.